Gurudumu la Nyuma, Kushoto

Mwezi uliopita nilikuwa Bungoma, kwenye duka moja la spea, nikingoja kijana wa kaunta anitafutie pedi za breki. Alipokuwa akivuta boksi kutoka rafu ya juu, kiwiko chake kiligonga mkebe wa zamani uliokuwa umefunikwa kwa karatasi, ukaanguka, na mafuta ya kijani yakatiririka juu ya kaunta hadi karibu na mkoba wangu. Yalikuwa ya kijani kibichi kama sharubati za sherehe, na yalinuka utamu kidogo, kama mafuta ya kujipaka yaliyoachwa juani. Kijana aliomba msamaha, akaanza kupangusa kwa magazeti. Mimi nilibaki nimesimama tu. Kuna watu ambao harufu ya zamani huwaletea machozi, wengine njaa. Mimi iliniletea wivu. Nilihisi ule wivu wenyewe, mbichi, umekaa pale pale kooni ulipokuwa ukikaa nilipokuwa mtoto wa darasa la tatu.

Wivu huo ulikuwa juu ya mama yangu.

Tulikuwa tunaishi Kitale, mtaa ulio nyuma ya maghala ya mahindi. Baba alikuwa karani katika ofisi ya maji, na mama alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, mwanamke wa sauti kubwa aliyeweza kusimama kati ya malori na kubishana na madereva mpaka wakashusha bei wakicheka. Kwa sababu mama alishinda ghalani, mimi nilikuwa wa baba. Baba alikuwa na pikipiki nyekundu, na nafasi yangu ilikuwa mbele yake, juu ya tangi, mikono yangu ikishika usukani katikati ya mikono yake. Nilikuwa naamini kabisa kwamba mimi ndiye ninayeendesha. Aliniita Mayi, jinsi baba wa Kibukusu humwita binti yake, kwa maana nilibeba jina la mama yake mzazi, Nekesa, na aliponiita hivyo mbele ya watu nilijiona mtu mzima mwenye cheo.

Kisha siku moja gunia la mahindi liliteleza kutoka juu ya rundo ghalani likamwangukia mama mgongoni.

Sikumwona akianguka. Nilimwona baadaye, amelala kwa tumbo kwenye kitanda cha hospitali, uso ameuelekeza ukutani. Aliporudi nyumbani hakuwa na ile sauti. Alitembea ameshika kuta. Aliguna akikaa, akaguna akisimama. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyejua kazi ya kunyoosha migongo, mtu wa mikono mizito na maneno machache, na mama alipata nafuu kidogo mikononi mwake. Halafu mwanamke huyo akahamishiwa kliniki moja ya Bungoma, na mama akasema hataki kushikwa na mtu mwingine. Ikabidi awe anapelekwa Bungoma kila mara. Alijaribu teksi moja iliyochoka, akarudi akiwa amebebwa. Alijaribu gari la jirani, hali ikawa ile ile. Kila shimo la barabara lilimchoma mgongoni kama msumari.

Hapo ndipo baba alipouza pikipiki.

Nilitoka shuleni nikakuta mahali pake ni doa la oili tu. Siku chache baadaye baba alirudi na gari ambalo mtaani hapakuwa na mfano wake: gari la Kifaransa, refu, lenye pua kama ya samaki, rangi ya majivu. Alilinunua kwa mjane mmoja Singasinga mwenye duka la vitambaa Bungoma, tuliyemwita Mama Harjit. Mumewe alikuwa amelipenda gari hilo kupita kiasi, na alipofariki hakuna fundi aliyetaka kuligusa wala mnunuzi aliyetaka kuliangalia. Kwa hivyo baba aliweza kulimudu. Mama Harjit alimpa na jerikeni ya mafuta ya kijani iliyobaki stoo, akamwambia, “Wewe angalia hii mafuta kama macho yako. Ukiweka ingine, gari nakufa.”

Gari hilo halikuwa na springi. Kila gurudumu lilikuwa na mpira wa chuma, mkubwa kama kabichi, ndani yake nusu gesi na nusu mafuta ya kijani, katikati yake utando wa raba. Pampu ya injini ilisukuma mafuta, mafuta yakabana gesi, na gari likaelea juu ya gesi hiyo. Haya niliyajua baadaye. Nilichokiona siku ile ni kwamba baba alivuta kijiti kando ya kiti chake, na gari zima likashuka, taratibu, likitoa pumzi, mpaka tumbo lake likakaribia kugusa nyasi. Mama akashikwa mkono, akaingia kiti cha nyuma bila kuinua mguu sana. Baba akasukuma kijiti, na gari likainuka naye, nyuma kwanza kisha mbele, kama ngamia.

“Ona,” jirani mmoja akasema, “gari inampigia mama magoti!”

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Nililichukua neno lile jinsi lilivyo. Niliamini gari lile lina moyo, na kwamba limemchagua mama. Hakuna kitu kilichowahi kunipigia mimi magoti.

Kuanzia hapo kila jambo lilithibitisha yale niliyoyaamini. Kiti cha mbele cha abiria kilikuwa kimevunjika mgongo, kwa hivyo kilibeba jeki, jerikeni na vyuma vya baba. Mama alikaa nyuma upande wa kushoto, amezungukwa na mito, na mimi nikawekwa nyuma upande wa kulia, nikitazama kisogo cha baba. Mikono yake haikuwa tena kando ya yangu. Macho yake, kwenye kioo, yalimtafuta mama. “Uko sawa? Nipunguze?” Na mama, ambaye nyumbani aliguna kutwa, humo garini alicheka. Alimtania baba kuhusu pua ya gari. Aliimba nyimbo za kanisani. Mtoto huunganisha mambo jinsi anavyoweza: nikaamua kwamba mama si mgonjwa. Anajifanya, apendwe. Nami nikamchukia kwa uchungu ambao hata sasa nikiukumbuka unanishangaza, maana usiku huo huo nilikuwa nikitaka alale karibu nami.

Halafu gari likaanza kuugua.

Mwanzoni lilikuwa linaamka likiwa limelala chini, nalo likichelewa kuinuka. Kisha kukatokea sauti karibu na injini, tik, ikanyamaza, tik, ikanyamaza, na kila wiki ule ukimya wa katikati ukawa unapungua. Kisha likaanza kugonga. Mama akaacha kuimba.

Baba alilipeleka kwa Fundi Simiyu, mtu wa Malakisi mwenye gereji chini ya mikaratusi tuliyoiita mibuluu, mkarimu, mwenye jibu la haraka kwa kila kitu. Aliinama, akatazama, akasimama akipangusa mikono.

“Bwana karani, hii gali ni ya watu wa Ulaya,” alisema. “Pampu imekwisha. Mipira imekwisha. Mimi nitakutolea hii uchafu yote, nikuwekee splingi za pikapu. Haitasumbua tena.”

“Na itakuwa laini?”

“Laini ya nini? Itakuwa gali kama zingine.”

“Na itashuka? Ile kushuka chini mtu aingie?”

Fundi Simiyu alicheka. “Splingi haishuki, bana.”

Baba alimshukuru, akalirudisha gari nyumbani. Pesa ya pampu mpya haikuwepo, biashara ya mama ilikuwa imesimama, na wale waliokuwa na vipuri vya aina ile walikuwa Nairobi na bei zao zilikuwa za Nairobi. Jioni wakati wa chai nilimsikia akimwambia mama, “Kama ni kubahatisha, hatuwezi. Tukinunua kitu ambacho si chenyewe, tumekwisha. Lazima tujue ni nini haswa.”

Mimi, moyoni, niliomba iwe springi. Iwe gari kama mengine.

Lakini Jumamosi baba alivaa kaptura na gambuti, akaniita. “Mayi! Njoo, nina kazi na wewe.” Nilikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki mlangoni.

Kazi ilikuwa hii: nikae juu ya kona za gari. Baba aliliwasha, akaliacha liinuke, kisha akanibeba akaniweka kwenye kona ya mbele. Gari liliitikia, likazama kidogo chini ya uzito wangu, likarudi. “Hiyo iko hai,” alisema. Akanihamishia kona ya pili. Likazama, likarudi. Nyuma mambo yalibadilika. Niliruka, nikakaa kwa kishindo, nikajifanya mzito kwa kuvuta pumzi na kufumba macho. Gari halikutikisika vizuri upande wowote. Baba alisukuma kwa mikono yake, akajaribu kulia, akajaribu kushoto, akasikiliza. “Ugonjwa uko huku nyuma,” alisema. “Lakini ni kulia ama ni kushoto? Ama ni zote?”

Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote tangu pikipiki iondoke. Tulitandaza makatoni chini ya gari tuone matone yanadondokea wapi. Tulitoa chujio la tangi la mafuta ya kijani, lililokuwa limeziba kwa matope meusi, tukalisuuza kwa petroli kwenye sufuria kuukuu. Baada ya kulirudisha, ule ukimya kati ya tik na tik ulirefuka kidogo, na baba akanipiga begani kama mwanamume mwenzake. Nilipaka mafuta ya kijani mashavuni makusudi. Niliacha yakauke hapo.

Nilipoinua macho, nilimwona mama dirishani. Alikuwa amelala kwenye kitanda kilichosogezwa karibu na dirisha, kichwa amekiegemeza kwenye mkono, anatutazama. Hakutabasamu. Nilimgeuzia mgongo, nikamkaribia baba zaidi.

Furaha yangu haikumaliza wiki. Tatizo lilibaki pale pale: gurudumu gani? Uzito wangu haukutosha kusema. Jumapili baada ya kanisa baba alipata wazo. Kuna mahali Kitale ambapo barabara inakata reli ya zamani kwa mshazari, kwa hivyo kila gurudumu hugonga chuma kwa zamu yake. Alimwingiza mama kwenye gari, nami nikajisukuma ndani kabla ya kuambiwa nibaki. Tulivuka ile reli polepole kama watu wanaosindikiza jeneza.

“Niambie,” baba alisema.

Mama alifumba macho. Gurudumu la kwanza likapita. La pili. La tatu lilipogonga, uso wake ulibadilika kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

“Nyuma,” alisema. “Kushoto. Chini yangu hapa.”

“Ni kulia!” nikasema kwa sauti. “Baba, mimi nimesikia ni kulia!”

Walinitazama wote wawili. Baba aligeuza gari tukavuka tena, upande wa pili. “Kushoto,” mama alirudia, bila kufumbua macho. “Hiyo ya kulia iko na pumzi bado. Ya kushoto ni jiwe.”

Baba alisimamisha gari. Alitazama kioo na usoni mwake palikuwa na mshangao na furaha ambavyo sikuwahi kuviona vikielekezwa kwangu. “Mama Nekesa,” alisema, “kumbe fundi nilikuwa naye nyumbani.”

Nilitazama nje. Kazi niliyoifanya kwa mwili wangu wote, mama aliifanya kwa kukaa tu na kufumba macho, na yeye ndiye aliyeitwa fundi.

Yaliyofuata yalikuwa mabaya zaidi. Mpira mpya haukuwezekana. Baba alifungua mipira miwili ya nyuma kwa kuizungushia mnyororo wa baiskeli na kipande cha paipu, akining’inia hapo mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Ule wa kushoto kweli ulikuwa umekufa. Gesi yake ilikuwa imekwisha, umejaa mafuta tu. Wa kulia ulikuwa na uhai. Aliikalisha miwili kwenye gazeti, akaifikiria, akaibadilisha. Mzima akauweka kushoto, chini ya mama. Uliokufa akauweka kulia.

Kulia nilikuwa nakaa mimi.

Aliniita, akachuchumaa tukalingana macho. “Mayi, nakuomba kitu. Huo upande wako utakuwa unagonga kidogo. Mgongo wako bado ni mpya. Utaweza?”

Nilisema nitaweza. Nilichosikia ni kwamba kulikuwa na kizuri na kibovu, na baba, akiwa na akili zake timamu, alikuwa ameamua kipi ni cha nani. Nilikwenda nyuma ya choo nikalia mpaka nikapata kwikwi.

Safari iliyofuata ya Bungoma ilikuwa asubuhi yenye umande. Tulipita Kamukuywa, tukapita Kimilili, na lami ilikuwa na mashimo ya mvua. Kila shimo lilipanda moja kwa moja kutoka kwenye gurudumu hadi kwenye mfupa wangu wa kukalia, likapanda uti wa mgongo, likalia ndani ya meno. Nilijaribu kukaa upande upande. Nilijaribu kujiinua kwa mikono. Kabla ya Chwele nilikuwa nimejua mashimo yote kabla hayajafika, nikiyaona mbele kupitia bega la baba, mwili wangu ukijikaza wenyewe. Nilikuwa nimeuma mdomo.

Nilipogeuka, mama alikuwa ananitazama.

“Inagonga?” aliuliza kwa sauti ya chini, baba asisikie.

“Haigongi.”

“Usinidanganye. Hio gurudumu naijua mimi.” Alinyoosha mkono akachomoa mto mmoja mgongoni mwake, akanisukumia. “Kalia.”

Nilikalia. Tukaingia shimo lingine, na safari hii nilikuwa nikimtazama yeye. Mpira wake ulikuwa mzima, gari lilikuwa limeelea upande wake. Hata hivyo jasho lilimtoka juu ya mdomo. Kisha baba akauliza mbele, “Uko sawa huko?” na mama akacheka, kile kicheko cha garini, akasema, “Endesha, wacha kuniangalia, utatuingiza mtaroni.” Alicheka kwa mdomo. Mkono wake, ulioshika ukingo wa kiti, ulikuwa umekunja kitambaa mpaka vidole vikawa vyeupe kwenye viungo.

Sikuwahi kuutazama mkono wake. Kila mara nilitazama mdomo.

Tulipokaribia Mabanga gari lilianza kuzama. Baba alilisikia kwenye usukani kabla hatujaona. Nyuma ilishuka, kisha mbele, taa nyekundu ikawaka, na tukasogea pembeni mwa barabara karibu na ua wa mashamba ya mafunzo ya kilimo, ambapo vijana wenye majembe walisimama wakatutazama. Nyuma yetu, kwenye lami, kulikuwa na mstari mrefu wa kijani.

Baba alimtoa mama akamlaza kwenye nyasi juu ya leso. Alirudi, akafungua boneti, akasimama hapo mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza niliuona mgongo wake ukiwa mgongo wa mtu aliyeshindwa. Miadi ya mama ilikuwa asubuhi hiyo. Kama pampu ndiyo imekufa, basi Fundi Simiyu alikuwa amesema kweli.

Nilikaa karibu na mama. Alikuwa amefumba macho. Bila gari, bila baba karibu, hakuwa anacheka kabisa.

“Mama, inauma?”

“Inauma.”

“Hata mkiwa kwa gari? Hata ukiimba?”

“Nikiimba ndio inauma sana. Ndio maana naimba.” Alifumbua jicho moja. “Usimwambie baba yako. Aliuza piki yake.”

Magari yalipita. Mgongo wangu mwenyewe ulikuwa bado unawaka, na niliuwaza wake, wenye gunia zima la mahindi ndani yake, kwa miezi yote ile, juu ya lile gurudumu kabla halijabadilishwa. Kitu kikaniinukia kifuani, nusu huruma na nusu aibu, nikang’oa nyasi.

Mama akaendelea, kama anayejizungumzia. “Wewe unajua mimi huwa nafanya nini pale dirishani? Nawaangalia nyinyi wawili. Mnapaka mafuta, mnacheka, anakubeba kama mtungi. Mimi mtoto wangu alikuwa ananikimbilia nikitoka ghalani. Sasa ananigeuzia mgongo.” Akavuta pumzi. “Hio ndio inauma. Hii ingine ni mifupa tu.”

Nilimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba jua lina wivu na kibatari. Mama, ambaye gari lilimpigia magoti, ambaye macho yote ya kioo yalikuwa yake, alikuwa amelala dirishani akiona wivu kwa ajili yangu mimi.

“Mayi!” baba akaita. Sauti yake ilikuwa imebadilika. “Mayi, njoo haraka, ushike hapa!”

Sikusimama. Nilimtazama mama.

“Nenda,” alisema.

“Na wewe?”

“Mimi nitaenda wapi? Nenda. Lakini uwe unaniambia.”

Nikakimbia. Baba alikuwa ameingiza mkono mpaka begani kati ya vyuma, na uso wake ulikuwa unang’aa. “Si pampu,” alisema. “Gusa hapa.” Niligusa bomba la raba linalorudisha mafuta kwenye tangi. Lilikuwa limelainika kama ndizi iliyoiva sana, na upande wa chini lilikuwa limepasuka. Raba tu. Lilikuwa likivuja polepole miezi yote hiyo, matone yakiishia juu ya vyuma kabla ya kufika kwenye makatoni yetu, tangi likipungua, pampu ikimeza hewa.

Niligeuka, nikapiga kelele kuelekea kwenye nyasi. “Mama! Si pampu! Ni mpira imepasuka!”

Kisha sauti ikaja, ile sauti ya ghalani, ambayo nilidhani imekufa chini ya gunia. “Mpira gani?”

“Ya kurudisha mafuta!”

“Mwambie akate hapo pabovu!”

“Anakata!”

Mmoja wa vijana wenye majembe alikimbia akaleta kipande cha paipu cha pampu yao ya kunyunyizia dawa na waya wa kufungia. Baba akakata, akaunganisha, akakaza kwa koleo. Kila alichofanya nilikitangaza kwa mama kama mtangazaji wa mpira wa redioni. “Amefunga moja! Amefunga ingine! Mafuta inaingia, Mama!” Na yeye akajibu kila neno. “Mwambie asijaze sana! Mwambie aangalie chini kama inatoka!” Mpaka baba akaacha kazi, akaegemea gari akicheka, mikono yote ya kijani. Alisema hajawahi kusikia fundi anayeamrishwa kutoka kwenye majani. Jerikeni ya Mama Harjit ilimalizikia pale, tone la mwisho.

Akawasha injini. Tik. Tulingoja. Tulingoja tena. Gari likavuta pumzi, likainua nyuma, likainua mbele, na vijana wakapiga makofi.

Tulifika kliniki tumechelewa, lakini yule mwanamke wa mikono mizito alikuwa bado yupo. Safari ya kurudi nilikaa juu ya mpira uliokufa, nikahesabiwa mashimo na mama, ambaye aliyaona kabla yangu na kuniambia, “Jikaze,” na mimi nikamwambia yake. Niliendelea kukaa hapo mpaka mwaka uliofuata, Mama Harjit alipokuta mipira mingine kwenye pipa stoo, imefungwa kwa gunia, na mmoja wao ukawa na uhai. Sitasema kwamba wivu uliniisha. Bado niliumia baba alipomtazama kwenye kioo. Ila sasa nilikuwa na mtu wa kuumia naye, maana nilijua kwamba upande wa pili wa kiti kuna mwingine anayehesabu nani ametazamwa.

Mama alikuja kutembea, kwanza kwa fimbo mbili, kisha kwa moja. Alirudi kwenye mahindi, ingawa siku hizi anabishana na madereva kwa simu. Gari lilidumu kuliko alivyotabiri yeyote, mpaka sakafu yake ikaoza, na baba akaliuza kwa mtu wa vyuma vikuukuu akiwa amegeuka upande mwingine.

Kutoka Bungoma, siku ile ya mkebe, niliendesha mpaka Kitale kumchukua binti yangu aliyekuwa huko likizo. Nilimkuta uani na babu yake, wamefungua mashine ya kukoboa mahindi, skrubu zimepangwa kwenye sinia, uso wa mtoto umejaa grisi. Baba alikuwa anamweleza jambo, naye anaitikia kwa kichwa kama mkaguzi. Nilimwita. Hakusikia. Nilimwita tena, akapunga mkono bila kugeuka.

Mama alikuwa amekaa mlangoni, fimbo magotini, anawatazama. Uso ule niliujua.

“Tangu aje,” alisema, “hata chai hajanywa na mimi. Ni babu yake tu: guka, guka, guka. Ati wanatafuta inapogonga.”

“Amenipungia mkono kama mimi ni mgeni,” nikasema.

“Sasa si unaona.”

Nikaenda ndani nikaleta kiti kingine, nikakiweka karibu na chake. Tukakaa hapo mimi na mama, bega kwa bega, tukiwaonea wivu.